Wataalamu Vijana na Mji Mdogo: Uhakiki wa Nadharia ya "Tabaka la Wabunifu"

Swali la mtaalamu kijana na mji mdogo si geni kwetu. Daktari anapangiwa Tanga, anakaa mwaka mmoja na nusu, kisha anaandika barua ya kuomba uhamisho. Mhandisi anaajiriwa Mtwara, lakini mkewe na watoto wanabaki Dar es Salaam, na kila mwisho wa mwezi mshahara wake unasafiri kuwafuata. Mhitimu wa kilimo aliyezaliwa Muheza anaona kurudi Muheza ni kushindwa maisha. Mambo haya yanafahamika, na yamelalamikiwa katika vikao vingi. Lililo jipya ni dawa inayouzwa siku hizi. Tunaambiwa kwamba mji unaotaka wataalamu vijana uanze kwa kujipamba: uwe na mikahawa, kumbi za starehe, intaneti ya kasi, "vituo vya ubunifu", na jioni maalumu za vijana wasomi kukutana na kubadilishana namba za simu. Wakishavutwa na kuunganishwa wao kwa wao, uchumi wa mji utafuata wenyewe.

Dawa hii ina baba yake, na makala haya yanakusudia kumhoji kwanza, kabla ya kutazama mambo yetu wenyewe ambayo nayo hayakuwa safi.

Mwaka 2002 Richard Florida, wakati huo profesa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, Marekani, alichapisha kitabu kiitwacho The Rise of the Creative Class. Katika kitabu hicho anasimulia habari za kijana aliyehitimu chuoni hapo, akaacha Pittsburgh yenye chuo kikuu mashuhuri na hospitali kubwa, akaenda Austin, Texas. Kwa nini? Florida anajibu kwamba zamani watu waliwafuata waajiri, lakini sasa waajiri huwafuata watu, na watu wenye vipaji hufuata mahali penye maisha ya kupendeza: muziki, sanaa, michezo ya nje, na wenyeji wasiomshangaa mgeni. Akahesabu wasanii na watu wa namna mbalimbali katika kila mji, akapanga miji kwa daraja, na akatangaza kwamba limezaliwa tabaka jipya, "tabaka la wabunifu", lenye Wamarekani milioni 38, yaani kama asilimia 30 ya wafanyakazi wote wa nchi hiyo.

Tumpe haki yake. Florida alikuwa sahihi kwamba mtu si mshahara tu. Alikuwa sahihi pia kwamba mji unaomtazama mgeni kwa jicho la shaka hujinyima watu. Kuna miji yetu ambayo hata leo mtumishi aliyehamia miaka kumi iliyopita bado huitwa "wa kuja", na miji hiyo haina budi kulisikia neno hili hata kama limetoka kwa profesa wa kibepari.

Lakini "tabaka" lenyewe ni nini? Katika kundi hili Florida amemweka mwanasheria anayetetea kampuni, mwalimu wa shule, mchoraji asiye na kodi ya nyumba, mhandisi, mhasibu wa benki na mwenye kampuni anayewaajiri wote hao. Tabaka hutambulikana kwa nafasi ya watu katika uzalishaji: nani anamiliki, nani anauza nguvu zake, nani anachukua ziada. Mwalimu na mwenye kampuni hawapatani kwa lolote hapo, hata wakinywa kahawa katika mkahawa mmoja. Kuwaita tabaka moja ni kuficha mgongano uliopo kati yao. Na kuna jambo baya zaidi: yule anayepika hiyo kahawa, anayefagia ukumbi, anayelea watoto wa wabunifu, amewekwa katika kundi jingine, la watoa huduma, ambalo kwa hesabu za kitabu chenyewe ni kubwa kuliko la wabunifu. Kundi hilo kubwa halina kazi katika nadharia isipokuwa kuwa sehemu ya mandhari. Mji unapangwa kwa ajili ya asilimia 30, na waliobaki wanaambiwa wasubiri matone. Miaka 15 baadaye, mwaka 2017, Florida mwenyewe alitoa kitabu kingine, The New Urban Crisis, kinachoeleza jinsi miji iliyoshinda katika mashindano haya ilivyojaa tofauti za kipato na kodi za nyumba zisizobebeka. Kwa mtu aliyesoma kitabu cha kwanza kwa makini hapakuwa na la kushangaza.

Hata hesabu zake ziliyumba. Mwaka 2005 Edward Glaeser, mchumi wa Harvard ambaye hakuna atakayemshuku kuwa mjamaa, alizipitia upya. Alipoweka kando ya hesabu za Florida kipimo kimoja cha kawaida tu, yaani kiwango cha elimu ya wakazi, nguvu ya vile vipimo vya wasanii na starehe ilipotea karibu yote. Nguvu iliyobaki ilitokana na miji miwili, Las Vegas na Sarasota. Miji miwili! Juu ya msingi huo mameya wa dunia nzima walikuwa wameanza kukarabati mitaa yao.

Mahali pazuri pa kuipima nadharia kwa vitendo ni jimbo la Michigan. Mwaka 2003 gavana wake, Jennifer Granholm, alianzisha mpango wa kuifanya miji ya jimbo hilo ipendwe na vijana wasomi, ukifuata waziwazi mafundisho ya Florida. Fedha zilitolewa kwa miji ili ipendezeshe maeneo ya katikati, majengo ya zamani yageuzwe kumbi na makazi, na vijana waulizwe wanataka nini. Haukuwa mpango wa wizi wala wa uvivu. Lakini sensa ya mwaka 2000 ilikuwa imehesabu watu 9,938,444 katika Michigan, na ya mwaka 2010 ikahesabu 9,883,640. Katika majimbo yote 50 ya Marekani, ni hilo peke yake lililopungua watu katika muongo huo.

Je, mikahawa iliwafukuza? La. Viwanda vya magari vilikuwa vinakufa. Flint, mji mdogo ambako kampuni ya General Motors ilizaliwa mwaka 1908, ulikuwa na watu karibu 197,000 mwaka 1960. Mwaka 2010 walibaki kama 102,000. Mwaka 2009 General Motors yenyewe ilitangaza kufilisika. Maamuzi ya kufunga kiwanda hiki na kuhamisha kile hayakufanywa na vijana wa Flint wala na meya wao. Yalifanywa na wenye mitaji, na mji ukaachiwa kazi ya kupaka rangi. Hapa ndipo kosa kubwa la nadharia linapoonekana. Inamwambia mji mdogo kwamba tatizo lake ni sura yake. Haimwulizi ni nani mwenye uamuzi juu ya kazi zake.

Ndugu msomaji anaweza kuuliza: Michigan inatuhusu nini? Inatuhusu kwa sababu lugha ile ile imekwisha kuingia katika mazungumzo yetu, na vituo vya ubunifu, baada ya COSTECH kuanzisha kile cha Buni Dar es Salaam mwaka 2011, vimeenea hadi Iringa, Mbeya na Arusha. Baadhi vinafanya kazi nzuri. Lakini inatuhusu zaidi kwa sababu sisi tulianzia upande mwingine kabisa, na bado tukafika mahali panapofanana.

Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, 1969 hadi 1974, ulitaja miji tisa ambayo ingekuzwa ili Dar es Salaam isimeze kila kitu: Arusha, Dodoma, Mbeya, Morogoro, Moshi, Mtwara, Mwanza, Tabora na Tanga. Hapakuwa na habari ya mikahawa. Mji ungepewa viwanda, viwanda vingehitaji mafundi na wahandisi, na watu wangekwenda. Huu ulikuwa mwanzo ulio sahihi kuliko wa Florida, kwa kuwa ulianza na kazi. Tanga ilipata kiwanda cha mbolea, kiwanda cha nondo, na baadaye kiwanda cha saruji cha Pongwe. Wataalamu walifika. Kiwanda cha mbolea kilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaondoka, na mkonge ulikuwa umekwisha kuporomoka kutoka tani zipatazo 230,000 mwaka 1964, wakati nchi yetu ilipokuwa ya kwanza duniani, hadi kama tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1990.

Tukisema kwamba wataalamu waliondoka kwa sababu viwanda vilifungwa tutakuwa tumesema nusu tu. Hata viwanda vilipokuwa vinafanya kazi, mashirika mengi ya umma yalikuwa na makao makuu Dar es Salaam. Kijana mwenye bidii aliyeanza kazi mkoani alijua kwamba cheo, safari ya masomo na uamuzi wa fedha vilikaa huko. Kupanda maana yake ilikuwa kuhama. Mji wa mkoani ukawa kituo cha kusubiri basi. Mkonge ulikuwa tofauti, na tofauti hiyo inafundisha: makao makuu yake yalikuwa Tanga, na Bodi ya Mkonge iko Tanga hadi leo, huku kituo cha utafiti cha Mlingano kikiwa jirani, Muheza. Bwana shamba wa mkonge aliweza kuanza kijana na kustaafu mzee bila kuwa na sababu ya kuhamia Dar es Salaam. Hata zao lenyewe lilipoanguka, ujuzi wake haukuhama mji.

Njia nyingine tuliyoijaribu ni amri. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga kulazimishwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, ambako baada ya miezi mitano ya kambini wangefanya kazi miezi 18 kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Walirudishwa makwao, na Mwalimu akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma, lililotaka kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Hoja ya msingi ya hatua hizo, kwamba msomi ana deni kwa waliomsomesha, ilikuwa na nguvu na bado inayo. Lakini amri ina kikomo chake cha kitaalamu: inaweza kumfikisha mtu mahali, haiwezi kumfanya ajifunze majina ya watu. Muda wa lazima ukiisha, anaondoka akiwa mgeni kama alivyofika.

Na Madaraka Mikoani ya mwaka 1972? Wataalamu walipelekwa mikoani kwa wingi kuliko wakati wowote kabla ya hapo. Lakini hatua hiyo hiyo ilivunja halmashauri zilizochaguliwa. Mtaalamu akaja, ila yule mwenyeji ambaye angemwuliza "umefanya nini kuhusu kisima chetu?" akaondolewa mlangoni. Taarifa zikawa zinapanda juu kwa Mkurugenzi wa Maendeleo wa Mkoa na wizarani, hazishuki. Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978 na zile za wilaya katika miaka ya 1980, lakini mazoea ya kutazama juu hayakuondoka kwa sheria.

Kwa hiyo neno la kuchunguza hasa ni hili la "kuunganisha". Wafuasi wa nadharia wanaposema kuwaunganisha wataalamu vijana, wanakusudia kuwaunganisha wao kwa wao. Mwanasheria ajuane na mhasibu, mhasibu ajuane na daktari. Mtwara ilikwisha kuonyesha kinachotokea. Gesi ilipovuma kati ya mwaka 2011 na 2014 wataalamu walijaa, kodi za nyumba zikapanda, hoteli zikajengwa, na jioni wageni wale walikutana vizuri sana wao kwa wao. Wakati huo huo wananchi wa Mtwara walikuwa wakiuliza bomba la kilomita zaidi ya 500 linapeleka gesi Dar es Salaam ili wao wapate nini, na mwaka 2013 swali hilo likageuka ghasia na vifo. Bomba lilikamilika mwaka 2015, matumaini ya mradi mkubwa wa gesi yakarudi nyuma, na wageni wakaondoka. Waliunganishwa barabara, lakini hawakuunganishwa na Mtwara.

Ramani za miji yetu zenyewe zinafundisha utengano huu. Tanga ya wakoloni ilimweka mtaalamu Raskazone, kwenye upepo wa bahari, na mfanyakazi Ngamiani, kwenye barabara zilizopewa namba badala ya majina. Mtaalamu wa leo anaweza asiwe na nyumba Raskazone, hasa baada ya Serikali kuanza kuwauzia watumishi nyumba zake mwaka 2002 na hivyo mgeni anayepangiwa kituo kuanza kwa kutafuta chumba. Lakini mawazo ya Raskazone anaweza kuwa nayo hata akipanga Chumbageni. Yule anayeketi barazani, anayekwenda Mkwakwani Coastal Union au African Sports wanapocheza, anayejua nani alikuwa fundi wa reli na nani alikuwa mkunga Bombo, amepata kitu ambacho hakuna kituo cha ubunifu kinachoweza kumpa. Wala sisemi hili kwa kupenda mambo ya zamani. Lina faida ya kikazi, na mfano wake bora uko Tanga hiyo hiyo.

Wafugaji wadogo wa ng'ombe wa maziwa wa mkoa wa Tanga waliunda chama kikuu cha ushirika, TDCU, mwaka 1993, na katikati ya muongo huo wakawa na hisa katika kiwanda cha maziwa cha Tanga Fresh. Tutazame jinsi ushirika wa maziwa unavyofanya kazi. Asubuhi mfugaji anapeleka maziwa yake kituoni. Yanapimwa yasiwe yametiwa maji wala kuchacha, yanapozwa, yanaandikwa kwa lita. Malipo hupitia chama cha msingi. Kwa kuwa malipo yanapita hapo, chama kinaweza kukata humo gharama ya dawa, chanjo na uhimilishaji. Makato hayo ndiyo yanayomfanya mganga wa mifugo kijana apate riziki bila kusubiri ajira ya Serikali. Mfugaji mmoja mmoja hamudu kumwita kila mara. Wafugaji mia mbili walio katika daftari moja wanamudu. Naye mganga hawezi kuwakwepa, kwa sababu ndama akifa, maneno yatafika kituoni kesho yake alfajiri. Chuo cha mifugo cha Buhuri kiko hapo hapo mjini, na utafiti wa mifugo uko karibu. Hapa kijana ameunganishwa na wanaohitaji ujuzi wake, wanaolipia ujuzi wake na wanaoweza kumwondoa akizembea. Hakuna aliyemvuta kwa muziki.

Najua kuna atakayesema kwamba maziwa hayawezi kuwa jibu la daktari bingwa au mtaalamu wa kompyuta. Ni kweli. Kwao kuna mambo mawili ambayo mipango ya kuvutia vijana huyapita haraka, nami nitayasema wazi kwa sababu ndiyo yanayoandikwa katika barua za uhamisho.

La kwanza ni mwenza. Yeyote aliyepitia mafaili ya utumishi anajua kwamba "kumfuata mwenza" ni miongoni mwa sababu za uhamisho zinazoandikwa mara nyingi. Wasomi huoana na wasomi. Daktari ana mke mwanasheria. Mwalimu ana mume mhandisi wa umeme. Jiji kubwa lina kazi mbili, mji mdogo una moja. Kumwita mmoja na kumwacha wa pili ni kupanga safari ya kurudi, na kadiri usafiri unavyokuwa bora ndivyo safari hiyo inavyokuwa rahisi: treni ya mwendokasi iliyoanza kwenda Dodoma mwaka 2024 imewaletea watumishi nafuu kubwa, na imewapa pia uwezo wa kufanya kazi Dodoma huku nyumba ikiwa Dar es Salaam.

La pili ni mwalimu. Kijana anayejali kazi yake haogopi mji mdogo kwa sababu ya ukimya wa usiku. Anaogopa kusahau alichojifunza. Daktari aliye peke yake hana wa kumwuliza mgonjwa anapomshinda. Mhandisi wa maji asiye na mhandisi mkuu juu yake hurudia kosa lile lile miaka mitatu. Wakati huo huo mtaa wa pili yupo muuguzi mstaafu wa Bombo au fundi mkuu wa zamani wa reli ambaye hakuna ofisi iliyowahi kumwuliza lolote tangu alipokabidhi funguo. Kama kuna kuunganisha kunakostahili fedha za halmashauri, ni huku kwanza.

Lakini halmashauri ina uwezo gani? Tanga imekuwa jiji tangu mwaka 2005, na sensa ya mwaka 2022 iliikuta na watu pungufu kidogo ya 400,000. Hata hivyo nafasi nyingi za kitaalamu katika jiji hilo hujazwa kwa taratibu za Sekretarieti ya Ajira au za TAMISEMI, kwa orodha ya nchi nzima. Utaratibu huo uliwekwa kwa sababu nzuri: kuzuia upendeleo wa kindugu, ambao makada wa zamani wanaujua vizuri. Gharama yake ni kwamba mji hauwezi kusema, "Tunamtaka huyu, kwa kuwa mumewe tayari anafundisha Pongwe, na kwa kuwa amekulia Korogwe na anafahamu ng'ombe wetu."

Kabla ya kutenga shilingi moja kwa ajili ya jioni za wataalamu vijana, jiji kama Tanga lingepaswa kuomba haki hiyo kwa kada mbili tu za kuanzia, waganga wa mifugo na wakunga. Usaili ufanyike hadharani, mbele ya wajumbe wa ushirika na wa kamati za zahanati. Wanandoa wafikiriwe pamoja. Kila anayeajiriwa apangiwe mkongwe mmoja wa fani yake. Na baada ya miaka mitano zihesabiwe barua za uhamisho kutoka kada hizo mbili na kutoka kada nyingine zote, hesabu hizo zisomwe katika baraza la madiwani, wafugaji wakiwamo ukumbini.